Saa ya Gizani Iliyovuliwa Nguo

Mwaka 1687, Mfalme James wa Pili wa Uingereza aliletewa saa mbili za mfukoni ili aamue ugomvi. Moja ilikuwa ya padri Edward Barlow, aliyeomba hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Nyingine ilikuwa ya Daniel Quare, fundi saa wa London aliyelipinga ombi hilo. Zote mbili zilifanya kazi moja: ukizibonyeza zinagonga kwa hesabu ya saa na robo, ukajua wakati bila kutazama. Tofauti ni kwamba saa ya padri ilitaka kubonyezwa mara mbili, pahali pamoja pa saa na pengine pa robo, ilhali ile ya Quare ilimaliza yote kwa kibonyezo kimoja. Mfalme akazijaribu mwenyewe, akampa Quare ushindi.

Mfalme kujishughulisha na jambo dogo namna hiyo kunaeleweka tukikumbuka usiku wa zama zile ulivyokuwa. Viberiti vya kusugua vilianza kuuzwa Uingereza miaka ya 1820. Kabla ya hapo, aliyeshtuka usingizini akitaka kujua usiku umefika wapi ilimbidi apapase jiwe na chuma, apige cheche mpaka kitambaa kishike moto, awashe mshumaa, ndipo asome. Mwenye saa ya kugonga alipenyeza mkono chini ya mto, akabonyeza, akahesabu, akajigeuza upande wa pili. Ilikuwa anasa, lakini anasa yenye kazi.

Leo saa za ukoo huo zinavaliwa mkononi na ni miongoni mwa saa ghali kuliko zote duniani. Baadhi yake zimefanyiwa jambo ambalo Quare angelistaajabia: uso wenye tarakimu umeondolewa, vyuma vya ndani vimetobolewa kwa msumeno mpaka vikabaki kama mifupa ya samaki, na mvaaji anaiona mashine yote ikihema. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mtu aliye gizani kimegeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa. Jicho na sikio, kama tutakavyoona, havitaki kitu kimoja, na fundi ndiye anayebaki katikati akivutwa huku na huku.

Tuanze na sikio, kwa kuwa ndilo lililotangulia.

Ndani ya saa inayogonga mpaka dakika, si robo tu kama ile ya Quare, mna mashine mbili. Ya kwanza inaendesha akrabu, au mishale kama wengi tunavyoiita siku hizi. Ya pili imelala. Inaamshwa na kishikizo kidogo kilichopo ubavuni mwa kasha, kwa kawaida upande wa kushoto. Ukikisukuma mpaka mwisho unajaza springi ya pekee ambayo nguvu zake zinatosha mlio mmoja tu, na ukikiachia mlio unaanza. Sauti nzito inahesabu saa. Sauti mbili zikifuatana, nyembamba na nzito, zinahesabu robo. Sauti nyembamba peke yake inahesabu dakika zilizopita tangu robo ya mwisho.

Mashine inajuaje ihesabu ngapi? Haijui chochote, inapapasa. Kuna kisahani cha chuma ambacho ukingo wake umekatwa ngazi 12 zinazoshuka kwa kuzunguka, na mafundi wa Ulaya wanakiita konokono. Kisahani hicho kinazunguka pamoja na saa. Kishikizo kinaposukumwa, kidole cha chuma kinaangukia juu ya ngazi iliyopo wakati huo. Kadiri ngazi ilivyo chini ndivyo kidole kinavyozama, na ndivyo meno mengi zaidi yatakavyopita mbele ya nyundo wakati wa kurudi. Robo zina konokono wake wa ngazi nne. Wa dakika ndiye mwenye umbo la kupendeza kuliko wote: ana mikono minne, mmoja kwa kila robo saa, na kila mkono umekatwa ngazi nyembamba za dakika 14. Fundi akikosea ngazi moja kwa unene wa unywele, saa itasema uongo kwa dakika moja kila ifikapo hapo, maisha yake yote.

Hesabu ndefu kuliko zote inakuja dakika moja kabla ya saa saba. Saa hizi zinafuata desturi ya Ulaya ya kuhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri, kwa hiyo wakati huo unaandikwa 12:59, na mashine inagonga mara 12 kwa sauti nzito, jozi tatu za robo, kisha mara 14 kwa sauti nyembamba. Jumla ni mapigo 32. Wauzaji wanaojua kazi yao humwekea mteja saa kwenye dakika hiyo hasa, maana springi dhaifu itajionyesha mwishoni kwa kuchoka, na mapigo ya mwisho yatakuja polepole kuliko ya mwanzo.

Kuna vipande viwili ambavyo mtazamaji havioni kwa urahisi lakini bila hivyo saa isingefaa. Kimoja kinazuia mlio usianze mpaka kishikizo kimefika mwisho wa safari yake. Bila hicho, mtu akisukuma nusu tu, saa ingegonga tatu badala ya nane. Wafaransa wanakiita kipande cha yote-au-hakuna. Kingine ni kirekebisha mwendo. Springi ikiachiwa huru ingemimina mapigo yote kwa mkupuo, kwa hiyo gurudumu dogo la mwisho linawekewa breki. Katika saa za zamani breki hiyo ilikuwa kama nanga inayotikisika kwa kasi, na katika chumba kimya ilisikika ikivuma nyuma ya mlio kama nyuki aliyefungiwa. Mafundi wengi wa sasa hutumia vizito vidogo vinavyotanuka kwa mzunguko, ambavyo havitoi sauti. Binafsi nakubali kwamba mpya ni bora, ingawa wako wakusanyaji wanaoupenda uvumi ule wa zamani.

Sasa mlio wenyewe. Saa ya Quare iligonga kengele, bakuli dogo la madini lililokaa nyuma ya mashine na kuifanya saa nzima iwe nene. Mwaka 1783 Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel aliyefanya kazi Paris, aliiondoa kengele na badala yake akaweka waya wa chuma cha pua. Waya huo ulizungushwa kuifuata mashine, ukafungwa mguu mmoja tu, na ncha ya pili ikaachwa huru. Saa ikawa nyembamba, sauti ikawa laini na ndefu zaidi. Nyaya mbili, nyundo mbili: mpango huo ndio unaotumika hadi leo katika saa nyingi zinazogonga.

Waya unachomwa moto, unazamishwa ghafla, kisha unachomwa tena kwa kiasi ili usiwe mgumu hadi ukavunjika. Sauti inarekebishwa kwa tupa: fundi anapunguza urefu kidogo, anasikiliza, anapunguza tena. Alichokiondoa hakirudi. Waya usiguse mwenzake, usiguse kasha, na nyundo ipige na kuondoka mara moja, kwa kuwa ikikawia juu ya waya inaunyamazisha. Nyundo, waya na mguu wa waya vyote vinaweza kuwa sawa na bado saa isisikike ukiwa umesimama hatua mbili, kwa sababu waya mwembamba hausukumi hewa ya kutosha. Unahitaji mwili wa kuusaidia, kama vile nyuzi za udi zinavyohitaji tumbo la udi. Katika saa, tumbo hilo ni bamba la msingi pamoja na kasha. Ndiyo sababu madini ya kasha yana maana kubwa. Dhahabu nyekundu inasifiwa na mafundi wengi. Platini, pamoja na bei yake yote, inaumeza mlio. Titani na chuma cha pua, madini ya bei ndogo, yanaupitisha vizuri. Mwenye fedha nyingi na sikio baya ndiye huishia na platini.

Hapo sikio limekwisha kutoa masharti yake: linataka bamba imara, kasha lililoshikana, chuma cha kutosha cha kubeba mtikisiko. Jicho linakuja na msumeno.

Anayetajwa kuwa wa kwanza kutoboa saa ili ndani yake paonekane ni André-Charles Caron, fundi saa wa Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, mnamo 1760. Familia hiyo ilikuwa na watu mashuhuri. Mwanawe, Pierre-Augustin, alianza kwa kutengeneza saa kisha akajiita Beaumarchais na kuandika tamthilia za Figaro. Mkwewe, Jean-Antoine Lépine, alibadili kabisa mpango wa ndani wa saa: badala ya kuyabana magurudumu kati ya mabamba mawili mazima, alibaki na bamba moja na kuyashikilia kwa vipande vyembamba upande wa juu, ambavyo mafundi wanaviita madaraja. Nia yake ilikuwa saa iwe nyembamba, lakini alichokifanya pia ni kufungua dirisha. Mahali palipokuwa na ukuta sasa pana vipande vinavyoweza kupunguzwa.

Mlio na uwazi vilikutana katika saa moja yenye historia ya kusikitisha. Mwaka 1783 Breguet alipokea agizo la saa kwa ajili ya Malkia Marie-Antoinette. Masharti yake yalikuwa kwamba iwe na kila ufundi unaojulikana, isiwekewe ukomo wa bei wala wa muda. Malkia alikatwa kichwa 1793. Breguet akafa 1823. Saa hiyo, nambari 160, ilikamilika 1827 ikiwa na vipande 823, inagonga saa, robo na dakika, na uso wake ni wa kioo cha mwamba ili mashine ionekane. Ilihifadhiwa baadaye katika jumba la makumbusho la L.A. Mayer mjini Jerusalem, ikaibwa humo Aprili 1983, na haikurudi mpaka miaka zaidi ya 20 ilipopita. Aliyeagiziwa hakuiona, na aliyeitengeneza hakuimaliza.

Kazi yenyewe ya kutoboa inataka maelezo, maana wengi wanadhani ni mapambo ya juu juu. Fundi anachukua daraja au bamba, analichora, anatoboa tundu dogo kwa keekee, anapitisha humo msumeno mwembamba kama uzi, anaufunga kwenye upinde wake na kuanza kukata kwa mkono. Uzi wa msumeno unakatika mara kwa mara, naye anafunga mwingine. Akishakata anapiga tupa kuta zote za ndani ya tundu. Kisha anakuja kwenye kingo: kila ukingo unachongwa mlalo wa nyuzi 45 na kung'arishwa mpaka uakisi mwanga kwa mstari mmoja usiokatika. Kwa kung'arisha huko mafundi wa milima ya Jura wangali wanatumia vijiti vya jentiana, mmea wa huko kwao, vilivyokaushwa na kupakwa unga wa kusugulia. Pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani na kufanya pembe kali, mashine inashindwa, kwa kuwa kikatio chake ni cha mviringo na kitaacha pembe ya mviringo. Mkono peke yake ndio unaofika humo.

Nyundo zinang'arishwa kwa njia nyingine. Zinasuguliwa juu ya bamba la bati kwa unga laini sana mpaka ziwe tambarare kiasi cha kuonekana nyeusi tii ukizitazama upande mmoja na nyeupe ukizigeuza kidogo. Katika saa iliyovuliwa nguo nyundo ndizo zinazotembea mbele ya macho, kwa hiyo hakuna pa kuficha mkwaruzo.

Na kila kinachokatwa kinaondoa nguvu. Daraja lililotobolewa mno linapinda, magurudumu yanasogeleana au kuachana kwa kiasi kisichoonekana, na saa inapoteza majira. Katika saa inayogonga hasara ni mbili, kwa sababu chuma kile kile kilichoondolewa kilikuwa sehemu ya tumbo la mlio. Zaidi ya hapo, mpango wa jadi wa saa hizi unaweka konokono na vidole vyake mbele, chini ya uso, huku nyundo na nyaya zikikaa nyuma, upande unaoelekea ngozi ya mvaaji. Ukiondoa uso unaona akili ya saa lakini huoni mdomo wake.

Mambo yalizidi kubana saa ilipohamia mkononi. Mwaka 1892 kampuni ya Louis Brandt & Frère, ambayo baadaye ilijulikana kama Omega, ilitoa saa ya mkono inayogonga mpaka dakika, na mashine yake ilitoka kwa Audemars Piguet wa kijiji cha Le Brassus. Kijiji hicho kipo katika bonde la Joux, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji iliwafungia wakulima ndani kwa miezi na kuwapa muda wa kujifunza kutengeneza vipande vya saa. Saa nyingi za kugonga zilizouzwa Ulaya kwa majina ya watu wengine mashine zake zilitoka huko.

Lakini kufikia wakati huo taa ya umeme ilikuwa imeshaanza kuingia majumbani, na punde zikaja rangi za kung'aa gizani juu ya tarakimu za saa. Kazi ya mlio ikaisha. Pigo la pili lilikuja Desemba 1969, Seiko ya Japani ilipouza saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, yaani inayotumia betri badala ya springi, na kwa bei nafuu iliyofuata ikawa mashine ya springi haina faida tena hata mchana. Viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, saa iliyotobolewa ilipopata maana mpya. Fungua saa ya kwatzi utaona betri na kipande cha sakiti. Hakuna cha kutazama. Fundi wa springi, aliyeshindwa kwa usahihi na kwa bei, alibaki na kitu kimoja cha kuonyesha, nacho ni kazi yenyewe. Mwaka 1992 Philippe Dufour, mzaliwa wa bonde la Joux, alionyesha saa ya mkono inayojigonga yenyewe saa na robo kila robo inapofika, bila kuombwa, yaani mara 96 kwa siku. Aliitengeneza katika karakana yake mwenyewe. Wakubwa wa biashara hiyo hawakuwa wameifanya katika saa ya mkono.

Tangu hapo kampuni zimekuwa zikitafuta njia ya kuridhisha sikio na jicho kwa pamoja, na majibu yao yanatofautiana. Jaeger-LeCoultre mwaka 2005 ilizifunga nyaya kwenye kioo cha mbele, ili kioo chenyewe kiwe ngozi ya ngoma. Bulgari mwaka 2016 ilitengeneza kasha la titani lenye unene wa milimita 6.85 na kuzikata alama za saa zikawa matundu ya kupitishia sauti. Mwaka huo huo Audemars Piguet, baada ya utafiti wa miaka mingi pamoja na chuo cha EPFL cha Lausanne, iliuza saa ambayo nyaya zake hazifungwi tena kwenye bamba la msingi. Zimefungwa kwenye utando mwembamba wa madini nyuma ya mashine, na mgongo wa nje una nafasi za kutolea sauti. Hilo naliona kuwa la busara kuliko yote, kwa kuwa linaachanisha kesi mbili: bamba likishaondolewa jukumu la kuimba, msumeno unaweza kulitoboa bila kuudhuru mlio.

Chopard nayo mwaka 2016 ilikwenda mbali zaidi kwa upande wa uwazi. Saa yake ya Full Strike haina uso, na nyaya zake si chuma hata kidogo. Zimechongwa kwa yakuti ya kutengenezwa viwandani, kipande kimoja na kioo cha mbele, bila kiungo wala gundi. Nyundo za chuma zinapiga kitu ambacho jicho linapenya ndani yake. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo kuu ya mashindano ya saa ya Geneva. Mlio wake ni safi na mkavu, wenye kung'ata kidogo. Aliyezoea waya wa Breguet anaweza kuukosa uzito wa zamani.

Patek Philippe, ambayo kwa desturi ilivificha vyuma vya mlio nyuma, mwaka 2019 ilionyesha Singapore saa ya 5303 ikiwa imegeuza mpango wote: nyundo na nyaya zimeletwa mbele, hakuna uso, akrabu zinapita juu ya mashine. Katika kampuni hiyo kila saa ya kugonga husikilizwa na rais wake kabla ya kuuzwa, na isiyompendeza hurudi kwa fundi. Kipimo cha mwisho kimebaki kuwa sikio la mtu, ingawa maabara ina vifaa.

Nani basi ameshinda? Kwa hesabu yangu sikio lingali linaongoza. Siku hizi vipande vingi vilivyo wazi vinachorwa kwa kompyuta na kukatwa kwa mashine. Mkono unaingia mwishoni kung'arisha, na wakati mwingine hauingii kabisa. Kutoboa kumekuwa rahisi kiasi kwamba zipo saa za bei ya chini zilizojaa matundu yasiyo na sababu. Kupatanisha waya bado hakujapata njia ya mkato.

Ukibahatika kushikishwa saa ya namna hii, iwe dukani au kwa jamaa mwenye uwezo, omba iwekwe kwenye 12:59 na uisikilize kwanza ukiwa umefumba macho. Sikiliza kama mapigo yana nafasi sawa, kama sauti mbili zinaachana vizuri, na kama kuna uvumi nyuma yake. Kisha fumbua macho utafute pembe za ndani za madaraja: zikiwa kali, mtu alikaa nazo; zikiwa za mviringo, umeonyeshwa kazi ya mashine kwa bei ya mkono. Na usiguse kitufe cha kurekebishia majira wakati inalia. Konokono na vidole vyake vinakuwa vimegusana, na kukisogeza kitufe kunaweza kuvunja meno ambayo fundi atayachonga upya moja moja, kwa gharama yako.